Mita Ishirini za Jiwe Namba Saba

Machi 2
Mawingu tangu asubuhi, mvua saa nane mchana. Naanza na hali ya hewa kwa sababu ndivyo tulivyozoea kazini: kwanza unaandika mbingu ilivyokuwa, halafu unaandika ulichofanya. Nimestaafu miaka kumi na miwili sasa, lakini mkono haujasahau.

Leo mwenyekiti wa kijiji ametusomea tangazo la halmashauri ya mji. Wamepewa mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi hadi kilomita mbili nje ya mpaka wao. Kwa lugha ya watu ni hivi: sisi si wakazi wa mji, madiwani wake hatuwapigii kura, taka zetu hawazizoi, ila kuanzia sasa watatuambia wapi tuweke mlango na wapi tuchimbe choo. Ukanda wote huo utakuwa wa makazi tu. Karakana, matanuri, mabanda ya mifugo, kila kitu chenye moto, moshi au kelele, mwisho wake Mei 31. Mwenye pingamizi aandike.

Watu wamekuja juu. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye sote tunamwita Cheche, amebishana mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikaa nikapiga hesabu. Mpaka wa mji upande wetu ni Jiwe Namba Saba, kilomita tatu kamili kutoka darajani. Ongeza mbili, zinakuwa tano. Kibao cha barabara cha kilomita tano kutoka darajani kimesimama kwenye kona ya kiwanja chetu, na tanuri la mke wangu liko mita tisa kupita kibao. Kwa hiyo tuko nje ya ukanda wao kwa mita tisa. Cheche yuko upande wa mjini wa kibao, maskini, hana pa kutokea.

Jiwe Saba silijui kwa kusimuliwa. Nilikuwapo lilipowekwa. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi, na sijakosea hata hatua moja. Asiye na imani aulize mji mzima.

Nimerudi nikamwambia mke wangu tumeponea chupuchupu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamuuliza anadhani anaongea na nani.

Machi 3
Mvua. Mke wangu amekubali kazi ya vigae elfu sita, paa la wodi mpya ya wazazi. Amekubali kwa neno langu.

Machi 9
Mvua nyepesi, jua kidogo jioni.

Wacha niandike kuhusu hili tanuri, maana mimi husifia mnyororo wangu nikasahau kwamba ndani ya nyumba hii kuna fundi kunizidi. Tanuri amelijenga mwenyewe. Bomba la moshi limeanguka mara mbili, mara zote mbili akaliinua upya, mara ya pili akiwa na mimba ya miezi saba, na nilipomwambia apumzike akaniambia nimpe tofali. Anajua joto la ndani kwa kutazama rangi ya moto kwenye tundu. Akikigonga kigae kwa kucha anakwambia kama kitavuja baada ya miaka kumi. Halmashauri inakaa chini ya vigae vyake, sijui kama wanalijua hilo wanapoandika matangazo.

Vigae vibichi sasa vimejaa bandani kwenye mbao. Mvua ikinyesha hivi vinachelewa kukauka, na kigae kisichokauka ukikitia moto kinapasuka. Kwa hiyo tunangoja.

Machi 14
Mvua. Kisigino kinauma.

Machi 17
Jua asubuhi.

Amekuja mpima ardhi wa halmashauri, binti wa marehemu Karani. Karani ndiye aliyekuwa akiandika vitabu vya vipimo enzi zetu. Tulilala hema moja miaka na miaka, tulikula sahani moja, na huyu binti nilimbeba begani akiwa na meno mawili. Leo ana mashine ya setilaiti ya miguu mitatu na buti za mpira. Nikajisikia kama vile nimemzaa mimi.

“Shikamoo baba mdogo. Nimetumwa na shida. Jiwe Namba Saba hatulioni.”

Alinieleza kanuni yao. Jiwe likipatikana, ukanda utapimwa kutoka kwenye jiwe. Lisipopatikana, watatumia kitabu cha zamani, kile alichokiandika baba yake. Wametafuta siku tatu kwenye vichaka wameambulia miiba tu. Mtu pekee aliye hai ambaye alikuwapo siku ile ni mimi.

Kichwa kilinivimba, sikatai. Nilivaa kofia yangu ya kazi. Mke wangu alisimama mlangoni na udongo mikononi akauliza: wasipoliona wanatumia kitabu, na kwa kitabu sisi tuko nje, sasa unakwenda kuwatafutia nini? Nikamwambia kitabu na jiwe ni kitu kimoja, na watu wa mji wajifunze kazi ilivyokuwa ikifanywa. Akarudi bandani.

Nimewapeleka moja kwa moja. Sikutumia mashine. Nilisimama pale ambapo zamani palikuwa na njia ya ng'ombe, nikatazama mteremko, nikahesabu hatua, nikasema chimbeni hapa. Mapanga matatu na jembe moja, na jiwe likatoka na namba yake ya saba juu, safi. Vijana wa halmashauri walipiga makofi.

Kisha binti akaweka mashine yake juu ya jiwe. Akasoma, akafungua kitabu, akasoma tena. Akasema jiwe haliko kwenye kilomita tatu. Limezidi kwa mita ishirini.

Mita ishirini ni mnyororo mmoja.

Akaniambia kwamba jiwe na kitabu vikipishana, lazima ijulikane kipi kimekosea. Kama ni kitabu, jiwe linabaki pale pale. Kama ni kipimo cha siku ile, wanafuata kitabu. Akaniuliza mimi.

“Kitabu,” nikasema. “Sisi wa mnyororo hatukukosea.”

Aliandika bila kuinua uso. Nikatia sahihi.

Mpaka nafika nyumbani hesabu ilikuwa imeshajipiga yenyewe. Mstari unasogea mita ishirini. Tanuri liko ndani ya mamlaka yao kwa mita kumi na moja.

Machi 18
Mvua kubwa. Nimemwambia mke wangu. Ameendelea kukanda udongo.

Machi 19
Mvua.

Machi 20
Mvua. Chakula kimewekwa mezani, na aliyekiweka ameenda kulia bandani. Sikusema kulia machozi. Kula. Mkono wangu unaandika ovyo leo.

Machi 27
Wamekuja kupigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Kimoja kimepigiliwa nyuma ya tanuri, katikati ya udongo wa mke wangu. Yeye alichukua sepetu akausogeza udongo, kigingi hakukigusa. Aliyekuwa akipigilia alimwomba radhi, akamjibu kwamba yeye hana kosa, ametumwa. Mimi nilikuwa dirishani.

Cheche amepita kunipa pole kwa namna yake. Anasema karibu ndani, mzee, huku sisi tumeshazoea.

Aprili 4
Barua ya halmashauri, yenye mhuri. Wananishukuru kwa kulipata jiwe na watanipa cheti cha heshima siku ya kusikiliza pingamizi, Mei 12. Wameniita “mshika mnyororo asiyewahi kukosea”. Maneno yangu mwenyewe, wameyanakili.

Nimeiweka barua chini ya godoro. Mwaka jana ningeibandika ukutani.

Aprili 5
Mvua. Vigae vinakauka polepole.

Aprili 11
Mke wangu ameandika pingamizi lake. Amelisoma kwa sauti, nimelisikia kutoka nje ya banda. Anasema tanuri lina umri mkubwa kuliko mamlaka yao, kwamba hakuna nyumba nyingine ndani ya mita mia moja, kwamba moto wake haujawahi hata siku moja kuruka ukuta. Ni barua yenye kichwa na miguu. Hajaniomba nimsahihishie kitu, na kwa kweli hakuna cha kusahihisha.

Nilimuuliza kwa nini bado anatengeneza vigae wakati tanuri litazimwa. Akasema paa la wodi halitajijenga lenyewe.

Aprili 19
Jua. Leo nimepigana, au nimekaribia kupigana, na umri huu.

Ripoti ya mpima imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Watu walikuwa wamejaa wakisoma. Mstari wa mwisho unasema: “Tofauti ya mita ishirini imetokana na kosa la karani.” Chini yake sahihi ya binti yake, na chini ya hiyo, sahihi yangu.

Cheche akasema kwa sauti, wote wasikie, kumbe huyo Karani wenu mnayemsifia alikuwa mbumbumbu, ametuponza na kalamu yake. Watu wakacheka. Nikamkamata ukosi. Nikamwambia Karani alikuwa mtu makini kuliko ukoo wake wote, kwamba hakuwahi kufuta neno kitabuni, na kwamba akimtaja tena vibaya nitamvunja taya. Walitutenganisha. Cheche aliniangalia kwa mshangao, akaniuliza taratibu tu, bila kejeli:

“Sasa mzee, si wewe uliyetia sahihi?”

Nimerudi kwa njia ya nyuma ili nisikutane na mtu.

Aprili 20
Mvua tangu alfajiri hadi sasa. Siku nzuri ya kuandika, na ninalotaka kuandika sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Kupima kwa mnyororo kunataka watu wawili. Wa mbele anavuta mnyororo wa mita ishirini hadi unyooke, anachomeka mshale wa chuma ardhini, wanasogea. Wa nyuma akifika kwenye mshale anaung'oa, anaushika mkononi. Wa nyuma nilikuwa mimi. Mishale yote ni kumi na mmoja, mmoja ukiwa wa akiba. Mkononi ikifika kumi, wa nyuma anaita “Kumi!”, karani anachora mstari mmoja kitabuni, mishale inarudishwa mbele, mnaanza tena. Karani hahesabu mishale. Yeye anahesabu sauti yangu.

Siku ya Jiwe Saba tulipita kwenye matete karibu na daraja, maji magotini. Jioni nilipofunga mishale kwenye kamba ilikuwa kumi. Mmoja ulikuwa umeponyoka majini. Kama uliponyoka katikati ya kazi, basi kuna mahali niliposhika kumi mkononi huku ardhini tumeshapima minyororo kumi na mmoja, na nikaita “Kumi!”, na Karani akachora mstari wake kwa kuniamini. Nilijiambia umeanguka tukiwa njiani kurudi. Alfajiri, wenzangu hawajaamka, nilikata waya wa uzio, nikaukunja kichwa, nikaupaka matope, nikawa na mishale kumi na mmoja tena. Jiwe lilikuwa bado halijajengewa. Ningesema, tungerudia kipimo siku moja tu. Sikusema. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mpima alikuwa amenisifu mbele ya watu siku iliyotangulia.

Binti aliposema mita ishirini, nilijua papo hapo. Sikuhitaji kufikiri. Nilijua, na nikamsingizia rafiki yangu aliyekufa, mbele ya mwanawe, naye akayaandika kwa mkono wake kwa sababu ni kazi yake. Hawezi kumtetea baba yake. Akimtetea watasema anapendelea.

Mimi ndiye ninayeweza.

Aprili 21
Mvua imekatika adhuhuri. Nimemweleza mke wangu kila kitu, tukiwa bandani, nikimsaidia kugeuza vigae ili visikauke upande mmoja. Nilitegemea atanitupia kimoja.

Aliendelea kugeuza mpaka mwisho wa ubao. Halafu akasema:

“Mshale ulipotea ukiwa kijana. Sahihi umeitia juzi.”

Nikamwambia nitakwenda kusema siku ya pingamizi. Akasema haniombi. Pingamizi lake litasimama kwa miguu yake, na kama halitasimama ataanguka nalo. “Jina ni lako,” akasema, “wewe ndiye unayelitembeza.” Kisha akanipa ubao mwingine.

Tumekula pamoja leo.

Aprili 30
Mvua nyepesi.

Mei 3
Vigae vyote elfu sita vimekauka. Anavigonga kimoja kimoja. Ameondoa kumi na saba.

Mei 4
Nilikuwa nadhani Cheche ni mtu wa kelele tu. Leo amekuja na mlango wa chuma wa tanuri, ule wetu wa zamani uliopinda, ameuchukua wiki iliyopita bila kutuambia na kuunyoosha. Hakutaja ukosi wala taya. Nikamwomba radhi. Akasema shati lilikuwa la zamani hata hivyo.

Mei 11
Mawingu. Nimepiga pasi shati jeupe.

Mei 12
Jua kali, upepo kutoka mashariki.

Naandika nikiwa nimechoka lakini nataka niandike yote.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa. Kamati ni watu watano, mwenyekiti wao ni mama mmoja mwenye sauti ndogo na macho yasiyotoka kwako. Binti Karani alikaa pembeni na vitabu vyake. Kwenye meza niliona cheti changu, kimetiwa fremu tayari.

Mke wangu aliitwa wa nne. Alivaa gauni lake la kijani, kucha bado zina udongo. Alisoma barua yake. Alipomaliza, mwenyekiti alisema halmashauri haibishani na ubora wa kazi yake, ila ukanda ni ukanda na tanuri ni tanuri, na wakianza kumruhusu mmoja watawaruhusu wote. Mke wangu akasema ameelewa. Akaongeza kwamba kama ni hivyo wawe tayari kuwaeleza wazazi wodini kwa nini mvua inawanyeshea, akakaa. Ukumbi mzima ukanong'ona. Mimi nilikuwa na fahari mpaka nikasahau kwamba zamu yangu inakuja.

Nikanyoosha mkono. Walidhani nimekuja kuchukua cheti.

Nilieleza mshale. Matete, maji, waya wa uzio, alfajiri. Nilipofika kwenye sahihi niliyotia mwezi Machi, watu walianza kucheka, na kicheko chao nilikistahili. Mwenyekiti hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ile ndogo:

“Mzee, uliposema kitabu kimekosea, ulikuwa hujui tanuri la mkeo liko ndani. Leo unajua, na leo ndiyo umekumbuka mshale?”

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Miaka yote nimejipiga kifua kwamba sikosei, na sasa nilitaka niaminiwe kwamba nilikosea, hakuna aliyekuwa tayari. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe. Nikatazama waliokaa, nikamwona Cheche ameinamisha kichwa kwa aibu kwa niaba yangu.

Nikamwambia mwenyekiti asiniamini mimi, aamini kazi. Nikamwomba mpima asome ukurasa wa Jiwe Saba. Binti akasema hakuna tarakimu nyingi, kuna mistari kumi na mitano tu imechorwa kwa kalamu, kisha jumla, mita elfu tatu. Nikawaeleza mstari mmoja ni nini: ni minyororo kumi, mita mia mbili. Karani hakuandika mnyororo mmoja mmoja. Alikuwa akichora mstari kila niitapo “Kumi!” na si vinginevyo.

Binti aliinamia kitabu. Yeye ni wa setilaiti, mambo ya mishale hakufundishwa. Niliona anapitisha kidole juu ya mistari ya baba yake mmoja baada ya mwingine. Kisha akauliza, na hakukumbuka kutumia lugha ya ofisi:

“Kwa hiyo baba asingeweza kukosea mita ishirini?”

“Asingeweza, mwanangu. Angeruka mstari, angekosea mita mia mbili. Mita ishirini ziko mkononi mwa mtu mmoja tu pale, na mtu huyo ni mimi.”

Ni ajabu, lakini nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha mgongo. Sijawahi kueleza kazi yangu vizuri kama leo. Nilisema kosa hili nalijua lilivyo, linavyozaliwa, ukubwa wake na umbo lake, na halina mwenyewe mwingine.

Mwenyekiti alimuuliza mpima kama maelezo hayo yanaingia akilini kitaalamu. Binti alisema yanaingia, na kwamba angependa ripoti yake irekebishwe, kosa la karani liondolewe. Alisema kwa utulivu kabisa. Halafu akaomba ruhusa atoke nje kidogo.

Uamuzi baada ya wiki mbili. Cheti hakuna aliyekitaja. Kilibaki mezani, kimelazwa kifudifudi.

Tulirudi kwa miguu, kilomita zote tano. Karibu na nyumbani mke wangu aliingiza mkono wake kwenye kwapa langu, jambo ambalo hajalifanya barabarani tangu tulipokuwa vijana.

Mei 13
Mvua. Barabarani wananiita Mzee Mshale. Sawa tu.

Mei 19
Mvua inapungua. Tunangoja.

Mei 22
Tunangoja. Mke wangu amepanga vigae vyote ndani ya tanuri, safu kwa safu, wakati hajui kama ataruhusiwa kuwasha. Nilimpitishia mkononi kimoja kimoja mpaka kiuno kikakataa.

Mei 26
Jua.

Uamuzi umebandikwa. Jiwe Namba Saba liliwekwa kimakosa, kipimo cha kitabu ndicho halali, jiwe lirudishwe nyuma mita ishirini. Mstari wa ukanda unapita kwenye kibao cha kilomita tano. Tanuri liko nje kwa mita tisa. Mapingamizi mengine yote yamekataliwa.

Mengine yote maana yake ni pamoja na la Cheche. Alisoma karatasi akiwa karibu yangu, akanipa mkono, akasema hongera, akaondoka. Karakana yake ina siku tano.

Mei 27
Mke wangu ndiye aliyelisema, mimi nilikuwa bado natafuta maneno. Alikwenda kwa Cheche asubuhi akamwambia nyuma ya tanuri kuna nafasi ya hatua kumi na mbili kwa nane, iko nje ya mstari, na kelele zake hazitavisumbua vigae. Cheche akasema hawezi kuwa mpangaji wa mtu aliyemkaba. Mke wangu akamjibu kwamba aliyemkaba hana sauti kwenye kiwanja hicho, kiwanja ni chake.

Mchana tumehamisha mashine yake ya kuchomelea kwa mkokoteni. Mwendo ni mita mia moja na hamsini, na kwa sheria yao ni nchi nyingine.

Mei 30
Jua. Mke wangu amewasha tanuri saa moja asubuhi, moto mdogo wa kutoa unyevu. Nimekaa naye kwenye tundu la moto mpaka mchana. Ameniambia rangi zake, nyekundu iliyoiva, chungwa, kisha ile ya njano hafifu anayoingoja. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza.

Juni 3
Jua. Tumefungua tanuri. Vilivyopasuka, vinane tu. Vingine anavigonga kwa kucha na kunitazama kila kimoja kinapolia, kama mtu anayemsomesha mwanafunzi mzito.

Juni 11
Jua, anga safi kabisa, hakuna wingu.

Leo wamelihamisha Jiwe Saba. Binti Karani alinifuata nyumbani, hakutuma mtu. Alisema mashine inaweza peke yake, ila angependa nishike upande wa nyuma wa kamba ya kupimia, kama desturi ya zamani. Nikashika. Nilipong'oa alama ya mwisho niliita “Moja!”, wakacheka, naye akachora mstari mmoja kitabuni.

Jiwe limesimikwa kwa saruji mpya. Tulikaa kivulini, akafungua vitabu viwili, kile cha baba yake na chake kipya, ili anakili. Nilikuwa sijawahi kushika kitabu cha Karani mkononi. Sisi wa mnyororo vitabu havikuwa vyetu. Nikamwomba anionyeshe ukurasa wetu. Juu kabisa, kwa mwandiko ule ninaoujua, kuna jina la mpima, jina la karani, halafu “na vibarua wawili”. Nikafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Jiwe la Kwanza mpaka la Arobaini. Barabara, mashule, hospitali. Miaka thelathini na mmoja, na kila ukurasa, vibarua wawili.

Sikuwa najua. Karani hakuwa na ubaya, ndivyo walivyokuwa wakiagizwa.

Binti alikuwa ameshaanza kuandika sababu ya kuhamishwa kwa jiwe. Aliandika “kosa la kibarua wa nyuma”, akasimama, akaniambia kwa upole kwamba kanuni haimlazimishi kutaja jina. Anaweza kuliacha hivyo hivyo, baba mdogo, na miaka hamsini ijayo hakuna atakayejua ni nani.

Nikamwambia afute kibarua, aandike mshika mnyororo. Na jina aliandike, majina yote matatu, kwa wino.

Alilikata neno “kibarua”. Kisha akaandika polepole, vizuri, kwa mwandiko unaofanana na wa baba yake, akaupulizia wino ukauke, akanigeuzia kitabu nisome.

Mke wangu ameniuliza tuliandika nini huko. Nimemwambia nimeingia kitabuni. Akauliza nimeingia kama nani.

“Kama mtu aliyekosea mita ishirini.”

“Mara ngapi?”

“Mara moja,” nikasema, “katika miaka thelathini na mmoja.”